Naomba ushauri: kuwapeleka wakwe kula kwenye mgahawa wa wanafunzi wa upishi, je, ni kuwavunjia heshima?

Mchumba wa Mbagala
Habari za jioni, wana jukwaa. Alhamisi ya wiki ijayo nimepanga kuwakaribisha chakula cha mchana wazazi wa mchumba wangu pamoja na wazee wao, jumla yao watu tisa, kwa ajili ya kuwashukuru baada ya mahari kupokelewa salama. Mahali ninapopafikiria ni mgahawa wa chuo kimoja cha hoteli na upishi hapa Dar es Salaam, ambako wanafunzi ndio wanaopika na ndio wanaohudumia, huku wakufunzi wao wakiwasimamia. Bei ni shilingi 18,000 kwa kila mgeni, na kwa fedha hiyo anapata kianzio, chakula kikuu na kitindamlo. Wasiwasi wangu ni kwamba wazee wakigundua kuwa wamepikiwa na watu wanaojifunza, huenda wakaona nimewafanya kuwa wa kujaribiwa. Naomba ushauri wenu kwa heshima, kwa maana usingizi umenipaa.

Mama Ubwabwa
Mwanangu, mkwe hapelekwi mgahawani, awe mgahawa wa wanafunzi au wa mabwana wakubwa. Mkwe hupikiwa nyumbani, akakaribishwa mkekani, akanawishwa mikono na vijana wa nyumba hiyo. Kama huna jiko la kutosha watu tisa, azima sufuria kwa jirani.

Kijiko cha Chuma
Nimepiga hesabu: 18,000 mara tisa ni 162,000. Wakwe zangu wa Moshi ukiwapa kiasi hicho wanakimaliza kwenye nyama ya mbuzi kabla hawajaulizia chakula chenyewe kiko wapi. Hongera kwa kupata wakwe wenye matumbo ya adabu.

Wa Thika Road
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu jambo hilo si geni, kwa sababu Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ya Uswisi, kina hoteli yake hapo hapo kando ya barabara ya Thika, na wanafunzi hufanyia mazoezi humo wakihudumia wageni wanaolipa. Mimi nimekula katika migahawa ya namna hiyo mara kadhaa, na kwingine si huko tu, kwa hiyo nikuambie utakachokutana nacho. Chakula huwa kizuri kuliko bei yake, lakini muda huenda polepole. Siku moja binti aliyetuhudumia alikuwa ameandika kwa kalamu kwenye kiganja chake, chakula kushoto, kinywaji kulia, na kila alipofika mezani alikikunjua kiganja kidogo, akasoma, ndipo akaweka sahani. Aliweka sahani zote sahihi. Kuanzia supu hadi kahawa tulikaa saa mbili na nusu, na mjomba wangu akalala mara mbili.

Mzee Kibuyu
Vijana wa siku hizi mnatafuta urahisi hata katika mambo ya ndoa. Zamani mtu alikuwa anauza ng'ombe.

Nahodha wa Sufuria
Nimepika kwenye meli kwa miaka ishirini na miwili, kisha nikafundisha kidogo kabla ya magoti kunikatalia, kwa hiyo naomba niseme machache. Mgahawa wa chuo si mahali pa kubahatisha kama watu wanavyodhani. Pale kwenye dirisha la kutolea chakula husimama mkufunzi mwenye kijiko mfukoni, na sahani isiyomridhisha hairuhusiwi kutoka. Katika hoteli ya kawaida, siku yenye wageni wengi, mara nyingi hakuna mtu mwenye nafasi ya kuonja kila sahani. Hivyo heshima ya wazee haiwezi kupotea kwa sababu ya wanafunzi peke yao.

Ila nina maswali matatu. Kwanza, muhula umefika wapi, kwa sababu wanafunzi wa wiki ya pili si sawa na wa wiki ya kumi na mbili. Pili, je, kati ya wageni wako tisa yupo mwenye mzio wa chakula chochote? Tatu, kwa nini Alhamisi, siku ya kazi, wakati wazee wengi hukutana mwisho wa wiki?

Mchumba wa Mbagala
Nawashukuru wote. Mama Ubwabwa, nimekusikia, lakini chumba ninachopanga hakiwezi kukalisha watu tisa hata wakisimama. Mzee Nahodha, shikamoo. Muhula umefika wiki ya kumi na moja. Kuhusu Alhamisi, nina sababu zangu, na kwa kweli siku haiwezi kubadilika kwa kuwa nimeshalipa nusu ya fedha.

Dada wa Ukonga
Ndugu yangu, umeshalipa, siku umeshaipanga, na unajua hata wiki ya muhula wa chuo usichosoma. Sasa hapa unaomba ushauri au unaomba baraka? Kuna nini hiyo Alhamisi?

Mchumba wa Mbagala
Hakuna cha ajabu. Alhamisi jiko linakuwa na kundi zuri.

Dada wa Ukonga
Kundi la nani?

Mchumba wa Mbagala
Sawa, nitasema, ila naomba msinihukumu kabla hamjafika mwisho wa maelezo yangu.

Kundi ni letu. Mwezi wa tatu niliacha kazi ya uhasibu katika kampuni niliyoitumikia kwa miaka sita, nikajiunga na chuo hicho. Wakwe zangu wanajua kwamba mimi ni mhasibu, na mshenga alinitambulisha hivyo siku ya posa. Mchumba wangu anajua nusu, yaani anajua kwamba ninasoma upishi, ila anaamini ni masomo ya jioni. Alhamisi ijayo ni zamu yangu ya kuongoza jiko, na ndiyo zamu nitakayopewa alama. Nimekusudia wale kwanza, waridhike, kisha wakati wa kitindamlo nitoke jikoni na koti langu jeupe, niwasalimie na kuwaeleza ukweli. Nikiwaeleza leo kwa mdomo mtupu watasikia neno mpishi na kumwona kijana aliyeshindwa maisha. Wakiwa wameshakula, watakuwa na kitu cha kupima.

Kabla hamjasema kwamba nimewadanganya, mahari nililipa kwa akiba yangu mwenyewe, sikukopa hata shilingi moja. Sioni ni nani aliyeibiwa.

Mzee Kibuyu
Aliyeibiwa ni baba wa binti, aliyempa binti yake mhasibu na atakayekabidhiwa mpishi. Mshenga naye umemtia uongo mdomoni bila yeye kujua. Nenda leo usiku, piga magoti.

Mama Ubwabwa
Sitakuhukumu, maana yalinikuta. Marehemu mume wangu alipopunguzwa kazini alikaa miezi miwili akitoka nyumbani kila asubuhi na mkoba wake, akashinda viwanja vya Mnazi Mmoja, akarudi jioni akidai kwamba kazi ni nyingi. Nilikuja kujua kwa sababu ya viatu, kwani viatu vya ofisini havirudi na vumbi jekundu. Kilichoniuma hakikuwa kupunguzwa kazi, bali zile chapati nilizokuwa nikimfungia kila siku, kumbe anakula peke yake chini ya mti. Huyo mchumba wako usimwache akajulia mezani pamoja na wageni. Mwambie yeye kwanza.

Kijiko cha Chuma
Fikirini upande wa baba mkwe. Amekula ameshiba, ananyosha mkono kuchukua kijiti cha meno, mara mkwe wake anatokea amevaa kofia ndefu kama mnara. Mimi ningedhani nimeletewa bili.

Shahidi Mwenye Shaka
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nasikitika kuwaharibia. Hadithi hii imeiva mno. Mosi, kama mwenyeji yuko jikoni, ni nani anayekaa na wakwe mezani, na je, hawa wazee tisa watakula saa mbili nzima bila kuuliza aliyewaalika yuko wapi? Pili, mtu aliyeanza chuo mwezi wa tatu hawezi kupewa kuongoza jiko. Tatu, mambo yote yamejipanga vizuri mno, kuanzia koti jeupe hadi kitindamlo. Nadhani tunasoma utunzi wa mtu anayejaribu mchezo wa runinga.

Wa Thika Road
Sasa hata mimi nimeanza kusita. Hilo la nani anakaa mezani sikuliwaza.

Dada wa Ukonga
Mchumba wa Mbagala, jibu. Tumekupa usiku mzima.

Nahodha wa Sufuria
Msibishane, mtu wa jikoni hujulikana kwa maneno machache. Kijana, ubao wa bluu hukatiwa nini? Kuku unamtoa motoni akifika nyuzi ngapi ndani ya nyama? Na kitu gani kimekushinda tangu uanze?

Mchumba wa Mbagala
Ubao wa bluu ni wa samaki, mwekundu ni wa nyama mbichi, wa kijani ni wa mboga na matunda. Kuku hutolewa akifika nyuzi 74 za Selsiasi sehemu iliyo nene, na ncha ya kipimajoto haitakiwi kugusa mfupa, kwa kuwa mfupa hudanganya. Chakula kilichopikwa hakiachwi kati ya nyuzi 5 na 60 kwa muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo vijidudu hustawi.

Kilichonishinda ni kitunguu. Wiki tatu za mwanzo nilikata vitunguu tu, na mkufunzi alikuwa akichota vipande vyangu kwa kiganja, anavitandaza juu ya meza ya chuma na kuvitenga viwili viwili: hiki na hiki si ndugu, hiki na hiki si ndugu. Kisha ananielekeza kwenye ndoo ya supu ya wafanyakazi. Hadi leo nina sugu chini ya kidole cha shahada, pale bapa la kisu linapogusa.

Kuhusu kuongoza jiko, naona neno hilo limewapotosha. Zamu huzunguka na kila mmoja huipata. Kiongozi wa zamu husoma maagizo kwa sauti, huonja michuzi na kuhakikisha sahani za meza moja zinatoka pamoja. Uamuzi wa mwisho ni wa mkufunzi. Na mezani atakaa baba yangu mdogo, ambaye atasema nimebanwa na kazi, jambo ambalo si uongo.

Shahidi Mwenye Shaka
Nyuzi na rangi za mbao zinapatikana kwenye intaneti kwa dakika moja.

Nahodha wa Sufuria
Ni kweli zinapatikana, lakini lile la mfupa wengi hawalisemi, na lile la ndoo ya supu sijawahi kulisoma popote, nimelitenda. Hayo ya zamu nayo ni sahihi. Mpangilio huo wa jiko, kila mtu na kituo chake na mmoja anayesoma maagizo, ulikuzwa na Mfaransa Auguste Escoffier, aliyekuwa amewahi kupikia jeshi katika vita vya mwaka 1870, ndiyo maana hadi leo jiko linaendeshwa kama kambi. Kumzungusha mwanafunzi katika vituo vyote ni njia ya kumfundisha, wala si kumpandisha cheo.

Awe anasema kweli au anatunga, mimi bado nina shida moja na yeye, kwa kuwa niliuliza maswali matatu na akajibu mawili tu, lile la kwanza na, baada ya kusukumwa, lile la tatu. Wageni hawa hawali nini? Fomu ya kuweka nafasi katika mgahawa wa chuo huwa na mstari wa mzio. Uliandika nini?

Mchumba wa Mbagala
Niliuacha wazi. Kumuuliza mama mkwe vitu hivyo kungemfanya ahoji kwa nini mhasibu anahangaika na mambo ya jikoni.

Nahodha wa Sufuria
Na orodha ya vyakula ya Alhamisi?

Mchumba wa Mbagala
Kianzio ni supu ya kamba kwa tui la nazi. Chakula kikuu ni samaki wa kupaka na wali, pamoja na viazi vya kukaanga kwa watoto, na kitindamlo ni kaimati na shira ya iliki.

Nahodha wa Sufuria
Nisikilize vizuri. Mwenye mzio wa kamba hasaidiwi na kuchemsha, kwa sababu kile kinachomdhuru hakifi kwa moto wa kawaida. Hasaidiwi na kuwatoa kamba kwenye bakuli na kumwachia mchuzi. Hata viazi vikikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga kamba vinaweza kumletea matatizo, na kwa baadhi ya watu koo huvimba ndani ya dakika chache, wakahitaji hospitali na sindano ya adrenalini mara moja. Mkufunzi wako akiuona mstari ule uko wazi kwa meza ya watu tisa, atakukata alama kabla hujawasha jiko, na atakuwa na haki.

Mama Ubwabwa
Hebu kumbuka siku ya mahari. Walipokula kwenu, hukuona mtu aliyeacha kitu?

Mchumba wa Mbagala
Dada zangu walipika pilau ya kamba. Mama mkwe aliletewa sahani yake, akaisogeza taratibu kwa mumewe na kuomba chai na mkate, akasema ameshiba tangu nyumbani. Sote tulidhani ni adabu ya ukweni.

Nahodha wa Sufuria
Huenda ilikuwa adabu.

Mchumba wa Mbagala
Nampigia mama sasa hivi, kabla sijalala. Ila akiniuliza ninataka kujua kwa sababu gani, sijui nianzie wapi.

Dada wa Ukonga
Anzia kwenye kamba.