Mrejesho: Data za duka zimeingia MariaDB

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa waliopitwa: nilikuwa nahamisha data za duka kutoka MySQL 8 kwenda MariaDB (zote ni programu za kuhifadhi data), nikakwama kwenye kosa namba 1273, mfumo haulitambui jina utf8mb4_0900_ai_ci, yaani mpangilio (collation) unaoamua maneno yalinganishwe vipi.

Mliosema nisiguse data yenyewe mlikuwa sahihi. Nilitoa nakala ya faili la .sql lenye data zote, nikabadilisha jina hilo kote kuwa utf8mb4_unicode_ci kwa amri moja ya sed (programu ya kubadilisha maneno kwenye faili). Sekunde chache tu, nikaanza kushangilia mapema.

Kumbe! Likaibuka kosa 1062, la kitu kujirudia: "Sukari 1kg" imejirudia. Nimekodoa macho nusu saa naona bidhaa moja tu. Mdau mmoja ndiye aliyeniuliza, "Umeangalia nafasi mwishoni mwa neno?" Na kweli, moja iliandikwa "Sukari 1kg" na nyingine "Sukari 1kg " yenye nafasi tupu nyuma. Mpangilio wa zamani ulizihesabu mbili, huu mpya unaipuuza ile nafasi, na safu yangu hairuhusu majina kufanana. Nikaunganisha hizo bidhaa mbili kwa mkono, nikapakia upya, ikapita.

Nilidhani MariaDB, tawi lililochipuka 2009 kutoka MySQL, tena kwa mkono wa Widenius yuleyule, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, lingemeza kila kitu bila kutafuna. Ndugu hawa wameshaachana njia.

Ripoti za mauzo zimelingana. Bado nakala rudufu ya usiku, hiyo nashughulikia Jumamosi. Asanteni sana, hasa wewe wa nafasi tupu.