Laivu umenenepesha, ethi umeiacha nyembamba: kwa laini ndefu ni sawa?

FUNDI, MALINDI: Jamani mafundi wenzangu, hili jambo naliona kila mara na linaniuma. Juzi niko shamba moja huku Mambrui, pampu ya kisima iko mita 120 kutoka kwa breka, fundi aliyetangulia aliona volti zinaanguka akavuta laivu na nyutro (zinazopeleka umeme na kuurudisha) za mm 10 za mraba, hapo hongera, lakini ethi, ile inayorudisha umeme uliovuja ili breka iruke, akaweka ya mm 1.5. Nimefungua kiboksi cha pampu, ile shaba imeota ukijani wa chumvi, nyuzi mbili zikakatikia mkononi.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Shaba ya 1.5 upinzani wake ni kama omu 0.0121 kwa mita, kwa mita 120 ni 1.45, ongeza laivu 0.22, jumla 1.67. Laivu ikigusa chuma cha pampu, 240 gawa kwa 1.67 inapita kama ampea 143, na bado sijatia upinzani wa kule kwa transfoma wala waya kupata joto. Breka ni C20, yaani ya ampea 20, yataka ampea 200 ndio uwe na uhakika inaruka papo hapo. Hapa huenda isiruke papo hapo, na muda wote inaosita hicho chuma kina karibu volti 200, na anayekishika mikono imelowa, miguu chini hana hata ndara. Weka ethi ya mm 6, jumla yashuka mpaka 0.59, zinapita ampea 400 na ushee, breka imeruka zamani.

FUNDI, LAMU: Yakhe shaba ni pesa. Sheria ya umeme ya Marekani, NEC 250.122(B), ndiyo yasema ukinenepesha laivu nenepesha na ethi kwa kiwango hichohicho. Sisi twafuata Waingereza, wao wakuruhusu kupiga hesabu. Gonga nondo ya ethi ardhini hapohapo kwa pampu, tia RCD ya miliampea 30 (ile swichi inayokata umeme ukivuja), kwisha.

FUNDI, MALINDI: Hesabu ndio hiyo nimepiga ndugu yangu, na hii ya 1.5 imeanguka. Nondo peke yake, tuseme umepata omu 20 kwenye mchanga wetu huu (na hapo umebahatika), 240 gawa kwa 20 ni ampea 12, C20 itabeba hiyo mpaka asubuhi. RCD sawa, naitaka sana na nitaifunga, ila nimefungua boksi ngapi huku pwani kile kibonye cha testi hakijaguswa tangu siku ya kwanza, ukikibonyeza kimya. Siwezi kuachia uhai wa mtu kitu kimoja.

FUNDI, LAMU: Kwa hiyo wataka vyote viwili.

FUNDI, MALINDI: Vyote. Breka ya pampu nimeizima na nimemwambia mama mwenye shamba wachote kwa ndoo kwanza, mpaka waya ya mm 6 ifike.