Naomba ushauri: siku nne Malta na mama mwenye maumivu ya magoti

Binti wa Muheza

Habari zenu wapendwa. Naishi Bremen, Ujerumani, nina kibali cha ukaazi. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Muheza kwa miezi miwili. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka 69. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akitusomea Matendo ya Mitume, pale Paulo alipovunjikiwa na merikebu akaokoka katika kisiwa cha Melita. Juzi nilipomwambia kuwa Melita ndiyo Malta, na kwamba kutoka huku ni saa tatu hivi kwa ndege, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watu wa kawaida wanaruhusiwa kwenda.

Basi tunakwenda. Tutafika tarehe 8 Februari jioni na kuondoka tarehe 12. Viza yake ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, ni ya kuingia mara moja, je, itamruhusu? Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa shida. Na Gozo, kile kisiwa chao kidogo cha jirani, tuende au tuache? Nataka safari hii aifurahie yeye, mimi nitarudi siku nyingine.

Kipepeo wa Pangani

Mpe mama shikamoo yangu. Nilifanya kazi ya hoteli hukohuko Malta, mjini St Julian's, miaka minne, kwa hiyo nakueleza ninayoyajua.

Viza kwanza. Malta imo Schengen tangu 2007. Ya kuingia mara moja inamtosha, mradi siku zake hazijaisha na hatoki nje ya eneo hilo. Kwa hiyo usikate tiketi inayopitia London au Istanbul hata ikiwa rahisi. Pasipoti yake, bima, na kibali chako mvibebe mkononi.

Sasa lililonifurahisha: hivi unajua tarehe uliyochagua? Tarehe 10 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Paulo kuvunjikiwa na merikebu, siku ya mapumziko nchi nzima. Valletta, mji mkuu, wanaitoa sanamu yake kanisani na kuibeba mabegani mtaa kwa mtaa, bendi zinapiga, vipande vya karatasi vinamwagwa kutoka roshani za juu. Kanisa lenyewe liko mtaa wa Mtakatifu Paulo, na wanatunza humo mfupa wanaouheshimu kuwa wa mkono wake. Mtafutie mama kiti kwenye mkahawa wa njiani mapema, asisimame kwenye msongamano.

Fundi Saa

Nakubaliana naye, ila kuhusu magoti usilichukulie jambo hili kirahisi. Valletta ulijengwa kuanzia 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kukizingira kisiwa wakashindwa, na ulijengwa juu ya kilima chenye bahari pande tatu. Mitaa imenyooka, lakini mingine ni ngazi tupu kutoka juu hadi chini. Mimi nilipanga chumba kwa kutazama picha tu, nikakuta ni ghorofa ya nne na lifti hakuna. Mwenyeji hakuwa amesema, nami sikuwa nimeuliza. Mama yangu mkwe alishinda ndani siku nzima ya pili kwa maumivu. Uliza kwa maandishi: lifti ipo? Mlango wa nje una vidato vingapi? Chumba kina kipasha joto? Nyumba zao ni za mawe, na Februari ndani kunaweza kuwa na baridi kuliko nje.

Kaeni karibu na lango la mji, kituo kikuu cha mabasi kiko hapo nje tu. Mkishuka bandarini, rudini kwa lifti ya Barrakka. Inawapandisha karibu mita 58, na juu kuna bustani ya kukaa na kuitazama bandari yote. Saa sita mchana wanapiga mzinga, mwambie mapema asishtuke.

Msafiri wa Likoni

Mimi nasema Gozo msiiache! Feri ni dakika 25 hivi, na huko kuna Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri. Mwalimu atapenda.

Kipepeo wa Pangani

Kaka, kwa kijana ningesema ndiyo. Lakini hizo dakika 25 ni za majini tu. Basi la kutoka Valletta hadi Ċirkewwa, inakopandiwa feri, linachukua zaidi ya saa nzima, na Februari upepo ukichafuka safari zinaweza kusimama. Lile dirisha la mwamba linaloonekana kwenye picha nyingi za Gozo lilianguka baharini Machi 2017, wengi hawajui. Akitaka mahekalu ya kale, Ħaġar Qim yapo hukuhuku kisiwa kikubwa, yamefunikwa turubai kubwa, na njia yake si ya kupanda.

Ningepanga hivi: tarehe 9 kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, maana Jumapili na sikukuu halipokei watalii. Humo mna picha kubwa ya mchoraji Mwitaliano Caravaggio ya mwaka 1608, Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa, na jina lake ameliandika kwenye ile damu. Kaeni mbele yake, msikimbie. Tarehe 11 nendeni Mdina, mji mkuu wa zamani, magari ni machache na watu wanatembea polepole. Nje ya lango ni Rabat, na hapo kuna pango ambalo kwa mapokeo yao Paulo alikaa. Lina ngazi za kushuka, mama ataamua mwenyewe.

Msafiri wa Likoni

Haya, nimekubali. Niongeze la lugha basi: Kimalta kimetokana na Kiarabu, kwa hiyo mama atajisikia nyumbani. Ishirini ni *għoxrin*, hamsini ni *ħamsin*, Ijumaa ni *il-Ġimgħa*, bahari ni *baħar*. Kwaresima wanaiita *Randan*, ni jina lilelile la Ramadhani, na hao ni Wakatoliki.

Binti wa Muheza

Nimemsomea mama majibu yenu yote. Gozo tumeiacha, chumba nimepata chenye lifti, karibu na lango. Hilo la Randan limemshangaza sana. Ameniagiza niulize: na Mungu je, wanamwitaje kanisani?

Msafiri wa Likoni

*Alla*, mama. Nenda misa ya Kimalta, usikilize wakifika kwenye Baba Yetu: *kif fis-sema, hekkda fl-art*, yaani kama huko mbinguni, vivyo hivyo duniani. Hiyo *art* ni ardhi yetu hiihii.