Uzi: Waliowahi kuvuka daraja la Görlitz kwenda Zgorzelec, tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kwenda Görlitz, na kabla sijakata tiketi naomba mliofika mtupe yenu. Ninachojua: hadi 1945 ulikuwa mji mmoja wa Kijerumani. Vita vilipokwisha mpaka ukapita mtoni Neisse, ng'ambo ya mashariki ikawa Zgorzelec ya Poland. Daraja la mji wa kale lililipuliwa na jeshi la Ujerumani lenyewe Mei 1945, likajengwa upya 2004, la waenda kwa miguu. Nisaidieni hasa upande wa makaratasi.

Binti Tanga: Mimi nilipanda treni kutoka Dresden. Nilitegemea kukuta geti, sikukuta hata kamba! Ila usikimbilie Poland. Ingia kwanza kanisa la Mtakatifu Petro, lipo kilimani, karibu tu na daraja. Kasha la kinanda chake cha mabomba ni la 1703, na mabomba yake mengine yamepangwa duara kama jua lenye miale. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakanikasirikia.

Mzee wa Malori: Dada, ulienda wakati mzuri. Machi 2020, wakati wa korona, Poland ilifunga mpaka, darajani pakawekwa uzio. Nina jamaa kazini, yeye anakaa Zgorzelec na mchumba wake Görlitz. Walikuwa wanapiga soga kila mtu upande wake hadi Juni.

Mtu wa Bukavu: Sisi kwetu Ruzizi inatutenga na Rwanda, kwa hiyo mpaka wa mto haunitishi. Kilichonishangaza Zgorzelec ni habari ya Wagiriki: maelfu ya wakimbizi wa vita vya kwao walipokelewa pale mwishoni mwa miaka ya 1940. Nani angedhani?

Mkuu, kuhusu makaratasi: tangu Oktoba 2023 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mpaka huo. Mimi nilikuwa na pasipoti na kibali cha ukaazi, vyote mkononi, bado nikateremshwa kwenye basi peke yangu. Wazungu hawakuulizwa kitu.

Mama Nuru: Pole sana ndugu yangu. Kwa kuongezea tu, ng'ambo wanatumia zloti. Wanapokea yuro madukani, lakini kiwango cha kubadilisha wanachokupigia hapo, mh! Lipa kwa kadi.