Kushuti mnada wa samaki Feri: picha zinatoka, sauti na watu ndo shida. Wazoefu njooni

kijana_wa_lenzi
Wakuu habari zenu. Nasoma filamu, kazi ya muhula huu ni dokumentari fupi, nimechagua mnada wa samaki pale Feri Dar. Nimeshaanza kushuti na kwa kweli lokesheni inafundisha, maana darasani tunabishana kamera na lenzi weee, sasa fika pale asubuhi mnadi anataja bei, wachuuzi wanapandishiana, wapaa samaki wako kazini, pantoni la Kigamboni linapiga honi, vyote kwa mpigo. Picha tamu ila bei haisikiki, na bila bei hakuna stori pale. Halafu watu, ukiinua kamera huyu anageuza uso, yule anaanza kuigiza, mwingine anataka hela. Nyie mnafanyaje? Nina kamera moja, maiki ya kukaa juu ya kamera na simu. Narudi wiki ijayo.

sikio_la_mtaa
Maiki ikikaa juu ya kamera inasikia kile kilicho karibu na kamera, sio anayeongea, basi. Tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ichomeke kwenye simu, simu iwe mfukoni kwa mnadi, weka modi ya ndege asije akapigiwa katikati. Washa vyote viwili, simu na kamera, piga kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti unalinganisha sauti na picha hapo. Upepo wa bahari sponji ya maiki haiuwezi, ivalishe kava la manyoya. Na kila kona ukihamia rekodi dakika moja ya kelele za pale tupu, utanishukuru ukianza kuunganisha vipande.

dada_mhariri
Mdogo wangu, siku ya kwanza ukirudi kamera ibaki nyumbani. Nenda kanunue samaki kama wateja wengine, piga stori na mnadi, mweleze hiyo filamu ni ya nini na nani ataiona. Akikukubali yeye, wengine watakuzoea kupitia kwake. Anayegeuza uso ameshakujibu, usimvizie kwa zumu ya mbali, kuna watu wana sababu zao na hawadaiwi maelezo. Watoto ongea na wazazi wao kwanza. Na klipu iache itembee hata sekunde kumi kabla hujageuza kamera, napokea kazi za vijana kila klipu sekunde tatu, sina pa kukata. Chukua mikono, mizani, noti zinavyohesabiwa, hivyo ndo vinaokoa mahojiano, unafunikia pale ulipokata maneno.

mzee_wa_tripodi
Nyongeza. Angalieni kamera inaelekea wapi, Ikulu ya Magogoni iko jirani kabisa hapo, walinzi hawatauliza kama wewe ni mwanafunzi. Tembea na barua ya chuo, onana na uongozi wa soko, na kibali ulizia Bodi ya Filamu mapema, droni usiiguse bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mwanga mzuri unaisha haraka sana, jua letu linapanda wima, ikifika saa tatu sura zina vivuli vyeusi machoni, kwa hiyo nje piga mapema, baadaye ingia chini ya paa. Kule kwenye taa shata iwe 1/50 ya sekunde na fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu ni hezi 50, ukienda tofauti taa zinaweza kupepesa kwenye picha.

kijana_wa_lenzi
Asanteni sana wakuu. Dada, huyo anayetaka hela nimpe au nisimpe?

dada_mhariri
Hela ya kumfanya aseme kitu usitoe, ukishalipia maneno sio hali halisi tena. Ila ukimtoa mtu kwenye biashara yake nusu saa umhoji unamla muda wake, nunua kwake, na mweleze kabla hujawasha kamera, sio baada.

sikio_la_mtaa
Samahani dada hapo sikubaliani, mchuuzi asubuhi ile usimtoe kabisa. Mahojiano fanya mchana mnada ukishapoa, hata kelele zinapungua.

dada_mhariri
Hapo sawa, mchana ni bora zaidi.