Gambuti imara na zenye joto kwa kazi za bandani Lushoto

Mfugaji_Magamba
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za kazi. Nataka gambuti mpya kabla baridi ya Juni haijaingia. Kazi zenyewe: kukamua saa kumi na moja alfajiri kwenye banda la sakafu ya zege, kukata majani yakiwa na umande, na kumwagilia kabichi bondeni. Za plastiki nilizonazo hupasuka kifundoni, na miguu hufa ganzi. Wiki ijayo nashuka Tanga mjini. Kuna zenye manyoya ndani, kuna nzito za mpira, kuna za mtumba. Nichukue zipi, na nizikague vipi?

Fundi_Ngamiani
Mkuu, anza na malighafi, maana dukani zote huitwa za mpira.

PVC, yaani plastiki kama ya hizo zako, humiminwa kwenye kalibu ikiwa ya moto, kwa hiyo ina mstari mwembamba unaoshuka mbele na nyuma ya buti. Ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa kiwandani. Jua na moto huvitoa taratibu, baridi nayo huikaza, na kila hatua unayopiga huikunja palepale: juu ya kifundo na pale vidole vinapoanzia. Ndiyo sababu zako hupasuka hapo. Za bei ya chini huongezewa unga wa chokaa ili zitoke nyingi. Kukagua ni rahisi: kunja shingo ya buti kwa nguvu, ishikilie ukihesabu hadi kumi. Kunjo likiacha mstari mweupe, irudishe rafuni.

Mpira asili hauna mstari huo. Buti huundwa kwa vipande vinavyopandishwa kimoja juu ya kingine, kisha hupikwa pamoja na salfa. Ukipapasa kisiginoni utazihisi kingo. Huvumilia kukunjwa kuliko PVC na baridi ya Usambara haiukazi. Adui zake ni jua kali, linaloupasua nyufa ndogondogo, na mafuta. Dizeli, grisi, hata mafuta ya maziwa huuvimbisha na kuulainisha. Kwa hiyo bondeni sawa, kwenye kukamua kila siku hapana, labda uwe mwepesi wa kuosha.

Poliurethani, au PU, imejaa viputo vya hewa. Ni nyepesi mkononi na hushika joto kuliko hizo mbili hata bila manyoya. Mafuta ya maziwa hayaisumbui. Ila maji huivunja ndani kwa ndani, hata unyevu wa hewa tu, na joto la pwani huharakisha, hata kama buti imekaa boksini bila kuvaliwa. Hapo ndipo watu wanapopigwa kwenye mtumba. Bonyeza soli kwa ukucha karibu na kisigino; ikinata au ikipukutika kama biskuti iliyolowa, iache, hata kama juu inang'aa.

Kwa kazi zako ningechukua PU mpya. Ikikosekana, PVC iliyochanganywa naitraili (mpira wa kiwandani), ambayo huhimili mafuta na samadi vizuri zaidi ya PVC tupu.

MamaMaziwa_Soni
Fundi kamaliza upande wa uimara. Sasa joto, kaka yangu. Manyoya yaliyoshonwa ndani usiyanunue kwa kazi ya banda. Gambuti haipumui, jasho la mguu halina pa kutokea, linaingia kwenye manyoya na kubaki humo. Kwa ukungu wa kwetu huku juu hayatakauka hadi kesho alfajiri, na manyoya mabichi ni baridi kuliko buti tupu. Bitana inayotolewa ndiyo nzuri. Uwe nazo mbili, moja imevaliwa na nyingine iko kambani.

Halafu baridi yako nyingi inapanda kutoka kwenye zege. Weka fedha kwenye soli ya ndani. Chora unyayo kwenye gazeti, kata vipande viwili vya blanketi zito la sufu, au kimoja cha mkeka wa sponji ngumu wa milimita 5 hivi, uviweke chini ya mguu. Vitoe kila ukivua.

Soksi za pamba hunywa jasho na kubaki nalo. Vaa ya sufu, nzito moja. Ukizipachika tatu buti ikabana, damu haipiti vizuri na ganzi inarudi palepale. Kwa hiyo nenda dukani na soksi hiyo pamoja na soli uliyokata, ujaribu navyo. Mara nyingi utaishia namba moja juu ya ile ya viatu vyako. Vidole vicheze, kisigino kisipande sana unapotembea.

Kama unakamua ukiwa umechuchumaa, epuka shingo inayogusa goti. Sentimita 28 hadi 30 kutoka chini zinatosha bandani. Za sentimita 38 ni za bondeni. Na suruali ya mvua ipite juu ya buti, isichomekwe ndani, la sivyo unajikingia maji.

Usalama_Kazini
Naongeza alama. Buti za kazi zilizopimwa huwa na maandishi yaliyochapwa kwenye buti yenyewe, si kwenye boksi. S4 ina kofia ya kukinga vidole. S5 ina kofia hiyo, soli isiyotobolewa na msumari, na meno ya kushika utelezi. CI maana yake soli imepimwa kwa baridi. Kofia hupimwa kwa mgandamizo wa kilonewtoni 15, sawa na uzito wa tani moja na nusu, kwa hiyo ng'ombe akikukanyaga vidole vinabaki. Mfugaji asiwe bila S4.

MamaMaziwa_Soni
Nakubali kwa mwenye ng'ombe wakubwa wasiotulia. Lakini kofia hiyo haitanuki, na soksi nene ikijaa humo vidole vinabanwa na kupoa. Akichukua S4, nafasi ya vidole aipime mara mbili.

Fundi_Ngamiani
Sawa kabisa. Matunzo kidogo: zioshe kwa maji baridi na sabuni kila baada ya kukamua. Usizianike jikoni wala juani. Jaza magazeti, badilisha yakilowa, kisha zining'inize kichwa chini kwenye vijiti kivulini.

Ikivuja, jaza maji hadi kifundoni, futa nje, subiri dakika kumi uone panapotoka. Mpira asili unakubali kiraka cha tyubu: piga msasa, paka solusheni pande zote mbili, ngoja isinate kidoleni, bandika na ugandamize. Kiraka hicho kwenye PVC kitabanduka. Na gundi ya mabomba usiijaribu, hukauka ngumu, ukitembea tu inapasuka. Tafuta gundi laini ya vinili, ile ya kubandikia maturubai.

Mfugaji_Magamba
Ahsanteni sana wakuu. Swali dogo: za mpira nilizoziona zina utandu mweupe kama vumbi. Ni chokaa hiyo uliyosema?

Fundi_Ngamiani
Hapana. Kwenye mpira asili ni nta na salfa zinazojitokeza juu, wala si ubovu. Futa kwa kitambaa chenye glisirini kidogo. Usipake mafuta ya kupikia wala ya kujipaka, mpira utavimba. Weupe wa PVC mbovu hutokea pale pale unapokunja, na ukifuta hautoki.