MREJESHO: Binti aliyekuwa akiangusha ufito kwa makalio, Malindi

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kuhusu binti yangu anayeruka juu kwa mtindo wa mgongo (mgongo ukielekea ufito, ule mti wa kuvukwa), ule aliotumia Mmarekani Dick Fosbury kushinda dhahabu ya Olimpiki Mexico 1968 kwa mita 2.24. Anapaa vizuri, lakini makalio yanaangusha ufito. Wengi mlisema tatizo liko kwenye mbio za kuelekea ufito, si hewani. Kweli kabisa.

Tulishuka ufukweni maji yamekupwa, mchanga mgumu, tukasoma nyayo zake. Hatua za mwanzo zimenyooka, tao (sehemu ya mbio inayopinda) limeanza vizuri, halafu tatu za mwisho zinakwenda moja kwa moja kwenye ufito! Yaani alikuwa anauegemea kabla mguu haujatoka chini, nguvu inakwenda mbele badala ya juu.

Tukachora tao kwa kamba na kigingi. Sasa anakimbia juu ya mstari mwili umelalia ndani ya tao, mbali na ufito, mpaka hatua ya mwisho. Hapo anajikuta wima, na mgongo unageuka wenyewe. Hatua ya kabla ya mwisho anashuka kidogo, ya mwisho ni ya haraka, kwa mguu wa nje ya tao. (Mchangani ni mbio tu. Kuruka ni kwenye godoro la shule, msijaribu kwingine.)

Jumamosi makalio yalipita safi kwenye urefu uleule uliomsumbua. Ila sasa visigino vinagusa. Kocha uliyetaja kuvuta kidevu kifuani ili miguu inyanyuke: aanze nyonga zikiwa juu ya ufito, au zikishapita?